Mwaka wa Samli Rahisi

Ilianza Jumanne, saa nne ya asubuhi. Nina hakika na saa kwa sababu kengele ya misheni ililia wakati huohuo upande wa pili wa reli, nami nilikuwa nimesimama mbele ya duka la samli pale Dodoma nikiwa na kibuyu kichwani, nikiomba asipite msichana yeyote wa darasa letu. Shule ilikuwa imefungwa ili tuwasaidie wazazi mashambani, lakini wale wanaokaa karibu hawakosi stesheni. Huja kutazama treni. Wananiita Msichana wa Samli. Nywele zangu zinanuka samli, nguo yangu inanuka samli, na wanasema hata nikisoma Zaburi inateleza.

Mama alikuwa mbele yangu na kibuyu kikubwa zaidi. Mwenye duka ni mtu wa Kondoa, Mrangi, Mwislamu wa kufunga na kuswali, ndevu zake amezipaka hina. Amenunua samli ya Mama tangu kabla sijaanza shule, tangu enzi ya misafara, wapagazi walipokuwa wakipita nchi yetu kwa miguu na kununua samli ya kula na ya kupaka nyayo zilizopasuka. Mama Kiswahili anakisikia, lakini hakiamini, kwa hiyo huzungumza Kigogo na kunichukua mimi nimsemee. Mimi, ambaye darasani nikiulizwa jina langu nanong'ona.

“Mwalimu, hujambo?” aliniambia. Huniita hivyo tangu nilipoingia darasa la juu la misheni.

“Sijambo. Shikamoo.”

“Marahaba.” Alichovya kidole ndani ya kibuyu, akanusa, akalamba. “Mwambie mama yako samli yake haina kasoro. Mwenye kasoro leo ni mimi.”

Kisha akataja bei. Ilikuwa nusu ya bei ya masika yaliyopita.

Mama alisema maneno mengi kwa Kigogo, bila kupumzika.

“Mama anasema labda hukulala vizuri,” nikatafsiri.

Mwenye duka akacheka. “Hakusema hivyo. Maneno yote yale yawe usingizi tu? Sema, usiogope.”

Nikatazama vidole vya miguu yangu. “Anasema ndevu zako zimelamba samli yake miaka yote hii, leo zimeshiba ndiyo zinamtukana.”

Alicheka tena, kidogo, halafu akaacha kucheka na kunyoosha mkono kuelekea stesheni. Kulikuwa na madebe yamepangwa kwenye udongo, yanang'aa juani hata nikafumba jicho moja.

“Yale ni mafuta ya nazi,” alisema. “Yamepanda treni pwani, yako hapa kabla hayajapata vumbi, na debe moja linauzwa rahisi hivi kwamba samli siwezi kuishusha hadi bei hiyo hata nikiacha kula. Na mabehewa yanayotoka magharibi yanashuka na samli ya Tabora. Zamani mtu wa pwani alikuwa akiingojea samli yangu. Sasa samli ndiyo inamngojea yeye. Imejaa bandarini.”

“Basi mwambie anunue rahisi, auze ghali, kama siku zote,” alisema Mama, na hili nikalitafsiri lilivyo.

“Nimuuzie nani, dada yangu? Wapagazi wako wapi? Mtu aliyekaa ndani ya treni miguu yake haipasuki.”

Hilo sikumtafsiria Mama mara moja. Nilikuwa nimelielewa, na nilitaka likae kwangu kidogo kabla halijamfikia.

Lakini ugomvi wenyewe ulikuwa bado. Mwanzo wa mvua Mama alikuwa amechukua dukani kaniki mbili, chumvi na jembe, kwa ahadi ya samli. Mtu yule hachukui riba. Anasema ni haramu, na ni kweli hakuwahi kumwongezea Mama hata hela moja. Wakati ule vitu vile vilikuwa na thamani ya vibuyu vitatu. Mama alikuwa na vitatu: viwili mikononi mwetu, kimoja alikitanguliza wiki iliyopita. Alidhani amemaliza.

“Bado vitatu,” alisema mwenye duka.

“Kibuyu ni kibuyu!” Hili Mama alilisema mwenyewe kwa Kiswahili.

Na hapo nikaona kwamba hawa wawili, kwa miaka yote hii, hawakuwa wamekopeshana kitu kimoja. Kwetu ukikopa mbuzi jike unarudisha mbuzi jike. Hakuna anayekuuliza mbuzi siku hizi ni bei gani. Mama alikopa vibuyu vitatu, akaleta vibuyu vitatu. Mwenye duka alikopesha rupia, kwa sababu naye zile kaniki alizichukua pwani kwa rupia. Bei ilipokuwa imesimama, hawakuwa na haja ya kujua kwamba wanahesabu tofauti.

Mama alikitwaa kibuyu chake, akaniambia nichukue changu, tukarudi navyo nyumbani.

Nyumbani kwetu ni upande wa Ihumwa, mwendo mzuri wa miguu kutoka stesheni. Tunakaa kwenye tembe ya baba yake Baba. Ng'ombe tuliokuwa tukiwakamua hawakuwa wetu. Kwetu mwenye ng'ombe wengi hawaweki wote zizini mwake, ugonjwa usije ukamfilisi kwa usiku mmoja. Huwagawa kwa ndugu na marafiki wamtunzie. Anayetunza hunywa maziwa na kufanya samli. Ndama ni wa mwenyewe. Wale wanne tuliokuwa nao walikuwa wa mjomba wa Baba. Baba alikuwa na dume mmoja tu aliye wake hasa, basi. Husema sisi ni kupe, tunaishi mgongoni mwa ng'ombe wa mtu.

Mdogo wangu ndiye kupe mkubwa. Mama aliugua alipomzaa, ziwa likakauka, akalelewa kwa maziwa ya jike mwekundu. Sasa anatembea na kutukana, lakini chakula kingine bado hukitema. Utamkuta amekaa chini ya yule ng'ombe kama mtu aliyekaa kwenye baraza ya bibi yake. Kwa hiyo ng'ombe wale walikuwa samli yetu na nguo yetu, na kwake walikuwa uhai. Hakuna aliyewahi kulisema hilo kwa sauti nyumbani. Halikuhitaji kusemwa.

Siku zilizofuata, nitasema ukweli, nilifurahi. Samli ilikuwa haina pa kwenda, tukaila. Mama aliimwaga kwenye mlenda hadi ukang'aa, akaimwaga juu ya ugali wa uwele, akampaka mdogo wangu mwili mzima akawa hashikiki. Baba alijipaka mabegani na kifuani.

“Leo sisi ni matajiri,” alisema. “Samli imemkosa mnunuzi, imekuja kwetu kuomba hifadhi.”

“Cheka tu,” Mama alimwambia. “Utakapovaa ngozi ya mbuzi utacheka vizuri zaidi.”

Shule ilipofunguliwa, mwalimu wetu, bibi mmoja wa Ulaya, alitufundisha hesabu za kununua na kuuza. Alichora debe ubaoni. Alisema bei ya mafuta inaposhuka watu wote hupata nafuu, kwani yule yule mwenye rupia moja ataweza kununua zaidi, na taa zitawaka katika nyumba ambazo hazikuwahi kuwa na taa. Alisema kwa furaha, nadhani aliifurahia kwa ajili yetu. Nilitaka kuuliza: na wale wanaoyatengeneza hayo mafuta, je? Wao rupia wataipata wapi ya kununulia hicho kilichokuwa rahisi? Niliinua mkono hadi usawa wa sikio. Kisha nikajikuna kichwa, nikaushusha. Msichana aliyekaa nyuma yangu akanusa hewa kwa nguvu, wenzake wakacheka.

Kisha jumbe akapita nyumba kwa nyumba. Kodi ni ileile, alisema. Inalipwa kwa rupia, pale boma, na haipokelewi kwa samli wala kwa maneno. Asiyekuwa nayo ataifanyia kazi barabarani mpaka iishe.

“Jumbe, samli imeshuka nusu,” Baba alimwambia. “Na kodi nayo ishuke basi, zitembee pamoja.”

“Kamwambie Bwana Mkubwa hivyo,” alisema jumbe. “Nitakuja kukuangalia unavyochapwa.” Hakuwa mtu mbaya. Alikunywa mtindi wetu bakuli mbili, akaenda zake amechoka, kwa sababu nyumba zote zilimjibu vilevile.

Hapo ndipo Mama alipoamua. Alisema kama kibuyu kimoja siku hizi ni nusu ya kibuyu, dawa yake inajulikana: tutengeneze vibuyu viwili. Hesabu hiyo hakuna asiyeielewa, hata mimi niliiona sawa. Tatizo ni kwamba kila mama kutoka kwetu mpaka stesheni aliifanya siku hiyohiyo. Asubuhi ukitoka nje ulisikia vibuyu vikisukwasukwa katika kila tembe, sauti ile ya maziwa yanayojipiga ndani, kama nchi nzima ina kwikwi. Njiani kulikuwa na mistari ya wanawake wenye vibuyu. Mwenye duka alipotuona tunakuja alijishika kichwa.

“Jamani, mnanizika,” alisema. “Naomba mnizike taratibu.”

Bei ikashuka tena. Kadiri tulivyopeleka nyingi ndivyo ilivyoshuka, na kadiri ilivyoshuka ndivyo Mama alivyosukasuka. Mvua zikakatika, majani yakakauka, maziwa yakapungua kama kila mwaka. Miaka mingine msimu huo Mama huacha kukamua wakati wa jioni, ndama wapate chao. Mwaka huu hakuacha. Ndama walifungwa kamba asubuhi, wakafungwa kamba jioni, na wakiachiwa walikuta chuchu tupu.

“Hawa ni ndama wa watu,” Baba alisema wakati wa machweo, Mama akiwa amechuchumaa anakamua.

“Najua ni wa nani.”

“Wa mjomba wangu.”

“Wewe unamwogopa mjomba wako, mimi naliogopa boma. Ukichukuliwa kwenda kuvunja mawe barabarani, ndama watakuja kukufungulia?”

Baba alisimama pale na kamba mkononi. Alikuwa amekwisha kumuuza dume wake, na hela zake zilikuwa chache kuliko alivyotarajia, kwa sababu stesheni nzima ilikuwa na wanaume waliokuja na madume. Alirudisha kamba ile mahali pake. Sikumsikia akilisema tena.

Mara ya mwisho tulipokwenda dukani hapakuwa na wanawake wengine. Mwenye duka alikuwa ameketi juu ya gunia la chumvi, rafu nyuma yake ziko tupu. Mama alitaka kuchukua kwa ahadi tena, nguo ya Baba ya kwendea boma, na kiasi kidogo cha rupia cha kujazia kodi. Angelipa masika yajayo.

“Siwezi,” alisema. Aliniambia mimi, si Mama, maana alitaka lifike sawasawa. “Mwalimu, sikiliza. Wakubwa wa pwani wanaonipa mali wamekaa wakakubaliana. Zamani nikichukua kwao kwa ahadi, waliongeza kidogo, na mimi ile nyongeza niliibeba mwenyewe, nikasema ni faida yangu imepungua, Mungu ananiona. Sasa wameipandisha. Wakaipandisha tena. Wanaogopa: bei imeanguka, watu wa bara hawatalipa, basi anayekopa abanwe zaidi.”

“Lakini akibanwa zaidi ndiyo hataweza kulipa,” nilisema. Nilishangaa kujisikia. Sauti yangu ilikuwa ya kawaida kabisa.

“Ndivyo. Na asipolipa watasema, mnaona? Tulikuwa na haki ya kuogopa.” Akatazama viganja vyake. “Yule jirani yangu anauza kaniki bei mbili. Ya mkononi bei yake, ya ahadi bei nyingine, na anasema hiyo si riba. Mimi sijui. Nikimkopesha mama yako na nyongeza ile, nitamwambia nini Mungu? Nikimkopesha bila nyongeza, nitamwambia nini yule wa pwani?”

“Muulize deni letu je,” Mama alisema.

“Deni lako, dada, nimelisamehe. Si wema. Silioni tena likilipika, na mimi Alhamisi narudi Kondoa kulima.” Akacheka kidogo. “Usifurahi sana. Na mimi kuna watu hawatanisamehe.”

Nilimtafsiria Mama. Hakufurahi wala hakushukuru. Alisimama akiziangalia zile rafu. Nadhani alikuwa anatafuta tusi na hakulipata. Alimwachia kibuyu cha samli mlangoni, safari hii bila bei.

Turudi kwa ndama. Aliyeanguka alikuwa ndama wa yule jike mwekundu, jike naye, mwenye paji jeupe. Asubuhi moja hakusimama. Baba alimnyanyua kwa mkia na kwa kifua, kama wanavyofanya, akasimama, akatembea hatua kadhaa kama anayefikiri, akalala tena. Mama alimletea maziwa kwenye kata. Alimshika taya akamimina, yakatoka pembeni mwa mdomo. Mdogo wangu aliyaona yakimwagika akaanza kulia, akidhani yanatupwa. Kabla ya jua kuchomoza vizuri ndama alikuwa amekufa.

Ng'ombe wa mtu akifa mikononi mwako, humtumii mwenyewe habari tu. Unamchuna, unampelekea ngozi na mguu wa nyuma siku ileile, aone kwa macho yake kwamba hukumuuza wala hukumla kwa siri. Na ngozi husema zaidi ya hapo. Mtu aliyezeeka na ng'ombe akiigeuza upande wa ndani atakuambia ndama alikufa kwa nini: kwa kupe, kwa nyoka, kwa ugonjwa wa mapafu. Baba alipomaliza kuchuna, aliitandaza chini akaitazama kwa muda mrefu. Mama aliitazama pia, kisha akaingia ndani.

“Iache kidogo mchangani,” alisema akiwa ndani. “Ipate udongo. Haitaonekana vizuri.”

Baba aliikunja jinsi ilivyo. Kisha akanitazama. “Twende. Utashika mguu.”

Mjomba wa Baba anakaa magharibi, tukavuka reli na mto uliokauka. Njia nzima Baba hakuzungumza ila mara moja, alipoona treni mbali: “Inabeba mafuta ile.” Inzi walinifuata mimi kwa sababu ya mguu. Nilitamani kumwuliza atasema nini, na sikuuliza. Nilikuwa na jibu langu tayari, kwamba aseme ni ugonjwa, wazee hawaoni vizuri. Nililirudiarudia moyoni kana kwamba ningeulizwa mimi.

Tulimkuta mzee akishona mshipi wa kengele ya ng'ombe. Tulisalimiana kwa Kigogo salamu zote, za watu, za mifugo, za mvua. Kwenye mifugo Baba akasema, “Mifugo iko, Mjomba, lakini nimekuletea neno,” akaiweka ngozi chini.

Mzee aliitandaza. Alipitisha kiganja upande wa manyoya, yalikuwa yamesimama, hayalali. Akaigeuza. Alitazama mahali pa kifua, mahali pa kiuno, ambapo mafuta hukaa. Palikuwa pakavu kama karatasi. Akanusa. Hakuwa na haraka. Kisha akakaa.

“Ndama huyu alikuwa na ugonjwa gani?”

Nikamtazama Baba. Sijawahi kumwona mtu mzima akiwa kama mimi ninavyokuwa darasani, maneno yako pale na mdomo haufunguki.

“Hakuwa na ugonjwa, Mjomba,” alisema. “Hakunyonya. Tulimnyonya sisi.”

“Kwa samli.”

“Kwa samli.”

“Na samli mkapata nini?”

“Hatukupata kitu.”

Mzee alifuta mikono yake kwa mchanga. Nilingoja atukane. Ningependa atukane. Badala yake alianza kueleza nyumba zake: wake watatu, na nyumba za wanawe wawili walioko safarini, kila nyumba na kodi yake, zote juu ya kichwa chake. Alikuwa amekwisha kuita ng'ombe kutoka kwa watunzaji wengine. Ng'ombe ambaye mwaka jana angelipia nyumba tatu, sasa halipii hata mbili.

“Wenu nilikuwa nimewaacha mwisho,” alisema. “Kwa ajili ya yule mtoto asiyekula. Nilijiambia labda bei itapanda kabla sijafika kwenu.” Akaigusa ngozi kwa kidole cha mguu. “Sasa mbaki nao wafe mmojammoja, nami niuze ngozi? Ngozi nayo wanasema imeshuka.”

“Mjomba, tuachie yule mwekundu tu. Yeye peke yake. Wa mtoto.”

“Mwekundu ndiye mwenye nyama.”

Baba alipiga magoti. Kanisani haendi kupiga magoti, ni mtu wa mila, kwa hiyo sikuwahi kumwona hivyo. Nilijifanya nafukuza inzi.

“Inuka, mwana wa dada yangu,” mzee alisema. “Ungenidanganya ningekukatalia kwa hasira, ingekuwa rahisi. Nakukatalia hivihivi. Sina mahali pengine pa kukata.”

Alitukaribisha chakula. Tulikula, kwa sababu kukataa kungekuwa matusi, na kwa sababu tulikuwa na njaa. Ule mguu wa ndama ulipikwa jioni hiyohiyo, na tulipewa sehemu yetu, nayo ilikuwa ngumu, haina mafuta hata kidogo.

Vijana wa mzee walikuja kuwachukua ng'ombe kesho yake, walifika alasiri. Mama alikuwa ameambiwa tuliporudi. Hakumlaumu Baba kwa kutodanganya, wala hakumsifu. Aliwaambia wale vijana wasubiri, akafungua ndama waliobaki, wawili, akawaachia mama zao na hakukamua hata tone. Walinyonya mpaka povu likawadondoka kidevuni. Mikia yao ilikuwa ikichezacheza. Jike mwekundu, asiyekuwa na ndama, mdogo wangu alikwenda kukaa chini yake mahali pake, na Mama akamwacha. Alimwelekezea chuchu mdomoni, akamkamulia humo humo. Wale vijana waligeuka kutazama pengine.

“Haya,” Mama alisema alipomaliza, “nendeni kabla sijabadilika.”

Ng'ombe walipoondolewa, mwekundu aligeuka mara mbili akidhani ni makosa. Vumbi lao lilikaa njiani muda mrefu, hakukuwa na upepo. Mdogo wangu aliwakimbilia mpaka kwenye uzio wa miiba, nami nikamfuata kumbeba. Alinipiga usoni. Alikuwa ananuka maziwa.

Usiku Mama na Baba walizungumza chini chini. Nilisikia tu Baba akisema kwamba atakwenda boma mwenyewe kabla hajafuatwa, labda wakiona amejileta watampa barabara ya karibu. Mama akauliza ni miezi mingapi. Akasema hajui. Kisha Mama akauliza tutakula nini, maana ghalani imebaki mbegu tu, na Baba akasema, “Mvua bado. Tutaona mbele ya safari.” Mdogo wangu alilia akilala, akaamka, akalia. Mara mojamoja aliita kwa sauti ile aliyokuwa akimwitia ng'ombe.

Asubuhi Baba alikuwa amekwisha kuondoka. Mama alichukua gogo akasimama juu yake, akashusha kutoka darini kile kifungu cha masuke ya uwele ya mbegu, yaliyokuwa yakining'inia kwenye moshi wa jiko yakingoja mvua. Yalikuwa meusi kwa masizi. Aliyaweka mbele yangu kwenye ungo bila kunitazama, akaniambia nisiende shule. Niliyapura, nikayapepeta, nikapiga magoti kwenye jiwe la kusagia. Mdogo wangu alikuja akasimama karibu, uso umevimba. Nikasaga. Uji ulipoiva nilimpa wa kwanza, akautema, nikampa tena.